Kinachobaki Mchangani

"Kunywa, mwanangu. Haya si ya mtoni, haya ni ya mchangani."

Shangazi aliniambia hivyo huku akinipa kikombe cha bati, sote wawili tumechuchumaa katikati ya mto usio na maji. Ilikuwa kiangazi, huko Chunya, kwenye moja ya makorongo yanayoshuka kuelekea Ziwa Rukwa. Juu palikuwa mchanga mtupu wenye nyayo za mbuzi. Alianza kwa jembe, akamalizia kwa mikono, mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Maji ya kwanza yalikuja na matope mazito. Akayachota kwa kata na kuyamwaga pembeni. Ya pili yakaja yamechafuka bado, akayamwaga pia. Kisha akakaa kando akinisimulia habari za msiba wa jirani, wala hakulitazama lile shimo. Alipoinama tena, maji yalikuwa maangavu, unaziona chembe za mchanga zikicheza chini.

Nikanywa. Yalikuwa ya baridi na matamu.

Nyuma ya kona, upande yanakotokea maji wakati wa mvua, karasha lilikuwa linasaga mawe ya dhahabu.

Nimerudi Mbeya, wiki zimepita, na ile kona haijanitoka kichwani.

## Jibu la kidato cha kwanza

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka nasimama ubaoni na kusema yaleyale: chujio huzuia kisichoyeyuka, kilichoyeyuka hupita. Chuja maji ya chumvi kwa mchanga kutwa nzima, yatatoka na chumvi yake. Kwa somo hilo, shangazi anadanganywa na macho. Mchanga umemtolea matope tu. Kama kuna sumu iliyoyeyuka, ipo palepale kwenye kikombe.

Ningeishia hapo ningelala usingizi wangu. Ila jibu hilo linaifaa chumvi, haliifai kila kitu.

Jaribu hivi, vifaa vyake havina gharama. Kata chupa ya plastiki, tia pamba mdomoni, ijaze udongo mwekundu wa huku kwetu uliochanganywa na mchanga. Yeyusha mrututu kidogo sana, maji yawe ya bluu hafifu, kisha yamimine polepole. Yanayodondoka chini hayana bluu. Mrututu ulikuwa umeyeyuka kabisa, haukuwa na chembe hata moja ya kuzuiwa na chujio, na bado shaba yake imebaki kwenye udongo.

Kwa hiyo shangazi ana haki nusu, na ubao wangu una haki nusu. Kilichonisumbua wiki zote hizo kilikuwa hiki: mchanga wa mtoni unasafisha, au unatunza?

## Mto ulio chini ya mto

Tumezoea kuuchora mto kwa mistari miwili: wa juu ni maji, wa chini ni ardhi. Ule mstari wa chini una matundu. Maji huzama mchangani, husafiri humo gizani, kisha hutokeza tena mbele kidogo na kuendelea na safari. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Romania, Traian Orghidan, alichapisha kazi yake kuhusu viumbe wanaoishi kwenye maji hayo ya katikati, ambayo si ya mtoni hasa wala si ya kisimani hasa. Miaka mia moja na ushee kabla yake, Henry Darcy, mhandisi aliyeuletea maji mji wa Dijon huko Ufaransa, alikuwa ameyapitisha maji kwenye mitungi ya mchanga na kuyapima. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1856 bado ndiyo msingi wa kila hesabu ya maji yanayotembea ardhini: kadiri shinikizo la upande mmoja linavyouzidi mwingine ndivyo maji yanavyokwenda, na aina ya mchanga ndiyo inayoamua kasi.

Nini kinayasukuma maji yaingie? Vitu vidogo tu. Tuta la mchanga lenye kimo cha kiganja linatosha. Mkondo ukiligonga tuta, upande wa mbele unapata shinikizo, upande wa nyuma unapungukiwa, basi maji huingia mbele na kutokea nyuma. Jiwe hufanya hivyo, gogo lililoanguka hufanya hivyo, kona ya mto hufanya hivyo. Pale Daraja la Mungu, ambako Kiwira inapita kwenye mwamba wa volkano, maji hayana pa kuzama. Yafuate mpaka kwenye kokoto na mchanga, utayakuta yanaingia na kutoka bila kuchoka.

Juu, mto wa kawaida unaweza kwenda nusu mita kwa sekunde. Ndani ya mchanga maji yaleyale huenda sentimita chache hadi mita chache kwa siku nzima. Kwenye mfinyanzi yamesimama karibu kabisa.

Huko kuchelewa ndiko kunakobadilisha kila kitu.

## Chumvi iliyogoma kuisha

Nilitaka kukuona kuchelewa huko kwa macho yangu. Rafiki aliye chuoni aliniazima kipimo cha kupitisha umeme kwenye maji, kile kidogo cha mkononi, na mimi nikanunua chumvi dukani. Nyuma ya shule yetu kuna kijito kinachoshuka kutoka mlimani. Wanafunzi wawili wakaimwaga chumvi iliyoyeyushwa kwenye ndoo kule juu, kwa mkupuo mmoja, na sisi tuliobaki tukakaa chini na kipimo.

Namba zilipanda ghafla, zikafika kileleni, zikaanza kushuka. Zilishuka haraka mwanzoni. Halafu zikawa kama zimesahau kushuka. Kengele ya kipindi kinachofuata iligonga na kipimo bado kilikuwa juu kidogo ya pale kilipoanzia.

"Mwalimu, chumvi imegoma kuisha," mmoja akasema.

Haikugoma. Ilikuwa inatoka mchangani, na kwenye vidimbwi vya pembeni ambavyo mkondo hauvigusi. Chumvi haishikwi na chochote, haigeuki chochote, na hata hivyo imechelewa. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walifanya jambo la namna hiyo kwa ukubwa zaidi kwenye kijito cha Uvas, California: waliingiza kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, kwa saa 3 mfululizo na kuipima maeneo mbalimbali kuelekea chini. Mwaka 1983 Kenneth Bencala na Roy Walters wakaonyesha kwamba huwezi kuyaeleza matokeo yale ukiuhesabu mto kama bomba. Lazima uweke kando hifadhi ambayo maji huingia, hukaa, na kurudi. Strontiamu, metali iliyotiwa pamoja na kloridi, ilikuwa na tabia nyingine zaidi: ilishikwa na mashapo yenyewe, yaani mchanga na tope la chini ya mto.

Hapo ndipo mrututu wangu unapoingia.

## Nani anashikwa, nani anapita

Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi juu yake. Shaba, risasi, zinki na amoniamu ya mbolea vikiwa kwenye maji vina chaji chanya, basi hukamatwa. Naitreti ina chaji hasi. Mfinyanzi na naitreti hawavutani, naitreti inapita zake. Kutu ya chuma, ile inayoupa udongo wetu wekundu, yenyewe hupenda fosfeti na huishika kwelikweli.

Mkulima wa Mbozi au Rungwe analijua hili bila kulisoma. Mbolea ya kupandia, yenye fosfeti, lazima uiweke karibu na mbegu, kwa kuwa haitembei. Ya kukuzia, inayotoa naitreti, mvua kubwa ikija kabla mahindi hayajaila, umepoteza hela. Yanayotokea shambani ndiyo yanayotokea chini ya mto, tofauti ni kwamba mtoni hakuna mahindi ya kuila.

Ukubwa wa chembe nao una neno. Gramu moja ya mfinyanzi wa aina ya kaolini ina eneo la juu la mita za mraba 10 hadi 20 hivi. Mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi, unaweza kufika mita za mraba mamia kadhaa kwa gramu hiyohiyo. Mchanga mweupe wa kwarzi hauna kitu ukiulinganisha na hao. Ndiyo maana swali la kumuuliza mtu anayenywa maji ya mchangani ni huu mchanga una nini ndani yake: una udongo mwekundu umeugandia, au umeoshwa ukabaki mweupe?

Na kushikwa si kufungwa jela. Kemikali hushikwa, huachiwa, hushikwa tena mbele, kama abiria wa daladala ya Uyole anayeshuka kila kituo kuwasalimia ndugu zake kisha anangoja gari linalofuata. Maji yakienda mita 10, yeye amekwenda moja. Atafika, ila gari alilopanda nalo limeshafika zamani na kugeuza.

Nilipofika hapa nikaridhika kwa muda. Nikajiambia: basi, shangazi yuko salama, mchanga unachelewesha vibaya vyote. Kilichonitoa kwenye raha hiyo ni tope.

## Tope jeusi

Nilipita Mbarali kumwona mwanafunzi wangu wa zamani anayelima mpunga. Tukasimama kwenye mfereji wa kutolea maji, yeye na chepeo, mimi na maswali. Akachota bonge la tope na kuliweka kwenye tuta. Juu lilikuwa na ngozi ya kahawia, nyembamba, kama milimita chache. Chini ya ngozi, kijivu. Chini zaidi, jeusi tititi, na harufu ya yai bovu ikatupanda puani.

Tuliendelea kuongea habari za bei ya mpunga. Tulipoligeukia tena, weusi wa juu juu ulikuwa umeanza kuwa kahawia.

Pale kwenye tope palikuwa na kemia yote niliyokuwa naitafuta. Bakteria walio kwenye tope huvuta oksijeni mpaka inakwisha ndani ya ile ngozi ya juu. Ikishakwisha hawafi, hutumia naitreti, na kuigeuza gesi ya naitrojeni inayorudi hewani. Hapo tope linasafisha kweli, halitunzi, na ni bure. Naitreti ikiisha huhamia kwenye manganizi, kisha kutu ya chuma, kisha salfeti, na harufu ya yai bovu ndiyo dalili ya salfeti kutumika.

Ila angalia kwenye kutu. Fosfeti ilikuwa imeshikwa na kutu. Bakteria wakiila kutu, chuma huyeyuka, na fosfeti inaachiwa yote kwa pamoja, na hakuna aliyemwaga mbolea siku hiyo. Mto unaweza kupokea fosfeti leo kutokana na mbolea iliyowekwa na mtu ambaye ameshaacha kulima.

Kwa hiyo tope lilelile linasafisha naitreti na linatunza fosfeti. Lilelile, chepeo moja.

Nikaacha kuuliza swali langu la mwanzo.

## Zebaki

Tangu dhahabu ya Lupa igunduliwe miaka ya 1920, Chunya imeona kila namna ya kuchenjua. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, huosha, hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, hauachwi, kwa sababu bado una dhahabu kidogo. Hukusanywa na kupelekwa kwenye mitambo ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu.

Zebaki yenyewe haipendi maji. Kwenye lita moja huyeyuka kiasi cha mikrogramu 60 hivi, basi. Kinachobaki huzama, huambatana na chembe laini na mabaki ya majani, hukaa. Ukiishia hapo unaweza kusema mashapo yametusaidia. Lakini mikrogramu 60 ni mara 10 ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kwa zebaki kwenye maji ya kunywa, ambacho ni mikrogramu 6 kwa lita. Na yako mambo mawili yanayoifungua.

La kwanza ni tope jeusi. Bakteria walewale wa salfeti huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia kwenye samaki na kuongezeka kila mdogo anapoliwa na mkubwa. Ndiyo iliyoleta maafa ya Minamata, Japani, yaliyotambuliwa mwaka 1956. Huko kiwanda ndicho kilichoimwaga moja kwa moja ghubani.

La pili linaniudhi zaidi, kwa sababu ni la kujitakia. Marudio yenye zebaki yakitiwa sayanaidi, sayanaidi huikamata zebaki pamoja na dhahabu na kuiyeyusha. Zebaki iliyokuwa nzito na mvivu inakuwa kitu kinachokwenda na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama, unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi zichukue hatua za kukomesha kuyatia sayanaidi marudio ambayo hayajatolewa zebaki kwanza. Wenye mitambo wengi ninaoongea nao wanajua bei ya sayanaidi hadi shilingi ya mwisho. Hili la kutoa zebaki kwanza huwa tunalivuka haraka.

Nilimpigia shangazi simu. Nikamweleza, nikajitahidi kutosema "ayoni" hata mara moja. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ninywe au nisinywe?"

Nikamwambia ukweli nilionao. Kuchemsha kunaua vijidudu, na vijidudu ndivyo vinavyoua watoto kila siku, basi achemshe. Lakini kuchemsha hakuondoi zebaki, na naitreti ndiyo inazidi ukali maji yakipungua sufuriani. Achimbe kwenye korongo ambalo juu yake hakuna mwalo, mahali pa kuoshea dhahabu, wala mtambo. Asichimbe pembeni ambako mchanga umeingiliana na tope laini, hasa likiwa jeusi.

"Hilo korongo ni mbali, Mwalimu," akasema. Akiniita Mwalimu ujue amekasirika. "Utakuja kunibebea ndoo?"

Sikuwa na jibu, na kemia haina.

## Tipa na chupa

Kuna watu wawili wanaouvuruga mchanga wa mito yetu kiangazi, mwenye dhahabu na mwenye ujenzi. Tipa ikiingia mtoni kubeba mchanga, inaondoa ile hifadhi yote ya kuchelewesha, na tope lililokaa gizani linapata hewa. Metali zilizokuwa zimefungwa na salfa huachiwa. Sehemu yake hukamatwa upya na kutu inayojitengeneza hapohapo, sehemu huondoka. Hesabu ya kinachoondoka inategemea mto, na hapa sipendi maneno ya jumla ya kusema kuchota mchanga ni sumu au si sumu. Nyumba zinajengwa kwa mchanga. Yangu imejengwa kwa mchanga. Ninachokataa ni tipa kuchota chini ya mwalo wa dhahabu, mahali ambapo kila mtu kijijini anajua kilichokuwa kinaoshwa juu.

Mvua za Novemba hufanya kazi ya tipa bila tipa. Furiko la kwanza linalima sakafu nzima ya mto, na vyote vilivyolala tangu Mei vinaamka ndani ya saa chache.

Sasa niambie, sampuli ya maji huchukuliwa lini? Mara nyingi Agosti, barabara zikiwa kavu na gari linafika. Chupa huzamishwa kwenye maji maangavu ya juu, inafungwa, inapelekwa maabara, na jibu linarudi zuri. Silipingi jibu hilo. Ni jibu la maji ya Agosti, ya juu, ya saa nne asubuhi.

Ningekuwa na sauti, ningeomba chupa nyingine tatu kila mahali: moja ya maji yaliyo ndani ya mchanga kwa kina cha kiwiko, moja ya furiko la kwanza, na moja ya tope laini lililochekechwa kuondoa mchanga mkubwa, kwa sababu humo ndimo metali zinakokaa. Hiyo ya tope ndiyo wanayonicheka nayo. Mtaalamu mmoja wa maji aliniambia, kwa upole, kwamba kazi yao ni maji ya kunywa na hakuna mtu anayekunywa tope.

Ni kweli. Lakini Rukwa haina mto unaotoka. Kinachoingia humo na mashapo kinabaki humo, na kambare hutafuta chakula kwenye tope hilo usiku kucha, na kambare huyo, akishakaushwa kwa moshi, tunamnunua sokoni bila kumuuliza alikula wapi.